Ramadhani 17: Mzee aliyeandika mazishi yake mwenyewe



Baba zangu, mama zangu, ndugu zangu wa jamaa ya msikiti wetu. Alhamdulillah, tumefika 17. Kumi la pili linaelekea ukingoni, na bado kuna mtu anasema "nitaanza kusoma juzuu yangu kesho". Haya, kesho ipo, lakini haina hati miliki.

Tafakuri ya leo ni ndefu kuliko za siku zilizopita. Ukiona macho yanachoka, soma nusu sasa, nusu nyingine baada ya tarawehe. Ila usiiache njiani, kwa sababu mwishoni nina kazi ya kukupa.

Leo ni siku ya Badri. Kila mwaka tarehe hii tunasimulia ile ile: mwaka wa 2 wa Hijra, Waislamu 313 au karibu na hapo, mbele yao jeshi la watu wapatao 1,000, na mashahidi 14 upande wetu. Tunasimulia, tunasema takbir, tunakwenda kula. Mwaka huu nataka tuitazame Badri kupitia kwa mtu mmoja wa mtaani kwetu. Nimemuomba ruhusa. Amekubali kwa sharti kwamba nisitaje jina. Wengine mtamjua. Mkimjua, nyamazeni.

*Daftari*

Mzee huyu alipigana vita vya Kagera. Kwa vijana wasiojua: Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu ya kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa, familia zikakimbia. Jeshi letu likaenda, na pamoja nalo mgambo, vijana waliotolewa mashambani na viwandani. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mzee wetu hakuiona siku hiyo. Miezi miwili kabla, kwenye njia ya kutoka Mutukula kwenda Masaka, alikanyaga bomu la kutegwa ardhini. Mguu wa kushoto ulibaki huko, chini kidogo ya goti. Alikuwa na miaka 22.

Sasa, wiki ya kwanza ya Ramadhani hii alinisubiri baada ya Alfajiri. Amekaa kwenye kiti chake cha plastiki pale pembeni ya safu ya kwanza, magongo yameegemea ukuta. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba, sheikh. Kaa hapa." Akatoa daftari la shule, lile la kurasa 96, kwenye mfuko wa nailoni. Juu yake kaandika kwa herufi kubwa: MPANGO WA MAZISHI YANGU.

Mimi ni mwalimu pia, mnajua. Mtu akinipa daftari, mkono unatafuta kalamu nyekundu wenyewe. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Nani anioshe. Sanda iko kwenye sanduku la bati, imeshanunuliwa. Mguu wa bandia uvuliwe kabla ya kuoshwa, usizikwe nami, urudishwe kwa mafundi wa viungo bandia, kama kuna kifaa kinachofaa kumsaidia mtu mwingine wakitoe. Nikasema, masha'Allah, huyu kajiandaa.

Ukurasa wa pili ukanikunja uso. Askari sita wa kubeba. Bendera ya taifa juu ya jeneza. Tarumbeta. Risasi za heshima, japo neno "risasi" lilikuwa limekatwa kwa mstari. Wasifu wa marehemu usomwe na ofisa. Nishani yake itangulie kwenye kimto, na kimto hicho kiwe cha kijani.

Nikalifunga daftari. Nikamwambia, na leo najuta kwa namna nilivyomwambia: "Mzee wangu, hii ni dunia unaibeba kwenda nayo kaburini. Unataka watu waseme nini?"

Hakunijibu. Alilichukua daftari, akalirudisha kwenye nailoni, akasema, "Hukufika ukurasa wa tatu, sheikh." Akaondoka kwa magongo yake.

*Kosa langu*

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimesema maneno ya kweli kwa mtu nisiyemsikiliza, na neno la kweli likitumika hivyo linageuka kuwa jiwe.

Maana hofu yangu ilikuwa na msingi. Sote tunaijua Hadithi ya Abu Huraira aliyoipokea Muslim, juu ya watu wa kwanza kuhukumiwa Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni mtu aliyekufa vitani. Anaulizwa alifanyia nini neema alizopewa, anajibu kwamba alipigana kwa ajili ya Mola wake mpaka akafa. Anaambiwa kasema uongo. Alipigana ili aitwe shujaa, na hilo ameshaitwa. Basi anaburutwa. Hadithi hii ukiisoma ukiwa na akili timamu, mwili unasisimka. Kifo kile kile, damu ile ile, na mizani ikakosa kitu kwa sababu ya nia.

Lakini ona mahali nilipokosea. Hadithi inasema anayejua nia ni Allah. Mimi nilikuwa nimejipa kiti hicho saa kumi na mbili asubuhi, kwa kusoma kurasa mbili.

Tena, kupanga mazishi yako si kosa. Abubakar (r.a.) aliposhikwa na maradhi yake ya mwisho aliagiza akafiniwe kwa nguo aliyokuwa nayo, ifuliwe na kuongezwa nyingine mbili, akisema aliye hai anahitaji nguo mpya kuliko maiti. Saad bin Abi Waqqas aliagiza achimbiwe mwanandani na kupangiwa matofali kama alivyofanyiwa Mtume (s.a.w.). Amr bin Al-Aas aliagiza asifuatwe na mlizi wala moto, na wakishamfukia wakae kaburini kwa muda wa kuchinja ngamia na kugawa nyama yake, ili apate utulivu kwa kuwa nao. Na Mtume mwenyewe alituambia haifai Muislamu mwenye jambo la kuusia alale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa.

Basi mzee yule alikuwa ameshika sunna ambayo mimi, imamu wake, sikuwa nimeishika. Wasia wangu uko wapi? Uko kichwani. Na kichwa ndicho kitakachokufa.

*Ukurasa wa tatu*

Jioni ya pili nikaenda kwake kabla ya magharibi. Nikamwomba radhi kwanza. Akasema, "Yameisha hayo." Tukafuturu pamoja, tende na uji wa mchele na mihogo ya nazi aliyopika mama. Kisha akaniletea daftari.

Ukurasa wa tatu una majina saba. Hakuna kingine. Majina saba na mikoa walikotoka: mmoja Mtwara, mmoja Singida, wawili Mara, mmoja Unguja, mmoja Kigoma, mmoja hapa kwetu. Chini yake kaandika: "Wasifu wangu usizidi dakika tatu. Majina haya yasomwe polepole."

Ndugu yangu unayesoma, hapo nilinyamaza.

Akanieleza. Wengine kati ya hao wako Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa ambako wamelala mamia ya askari wetu wa vita vile. Wengine hajui walizikwa wapi. Walifukiwa haraka mahali walipoanguka, jeshi likasonga mbele. Yeye alikuwa amebebwa kwenye machela, hakuwaona wakizikwa, hakuwasalia. Akasema: "Kila mwaka tarehe 25 Julai nasikiliza redio. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, wanasoma dua. Nangoja nisikie jina la mmoja wao. Hayasomwi majina, sheikh. Hayawezi kusomwa yote, najua. Sasa nikifa mimi, nani atakuwa anayajua? Nimefikiri, siku pekee ambayo watu watakusanyika na kunyamaza kwa ajili yangu ni siku ya jeneza. Nikitumie hicho kimya kwa wao."

Nikamkumbuka Abdurrahman bin Awf. Hii imo katika Bukhari. Aliletewa chakula naye amefunga, na wakati ule alikuwa tajiri. Akamkumbuka Mus'ab bin Umair aliyeuawa Uhud, akasema Mus'ab alikuwa bora kuliko yeye, na hawakupata cha kumkafini ila shuka moja. Wakimfunika kichwa, miguu inaonekana. Wakimfunika miguu, kichwa kinaonekana. Wakafunika kichwa, miguuni wakaweka majani. Abdurrahman akalia mpaka akakiacha chakula.

Na Mus'ab ndiye aliyekuwa mbeba bendera siku ya Uhud. Aliyeibeba bendera akakosa nguo ya kutosha kuzikiwa. Je, ilimpunguzia nini kwa Mola wake? Hakuna. Lakini tazama vilevile upande wa pili: rafiki yake hakumsahau. Miaka imepita, mali imekuja, chakula kipo mbele, na bado jina la Mus'ab lilimkaba koo. Hatujasikia mtu akimwambia Abdurrahman kwamba anaililia dunia.

Hapa ndipo nataka tutofautishe vizuri, maana ndiyo nukta ya leo. Kuna mtu anayetaka *aonekane*. Na kuna mtu anayetaka *wenzake wasifutike*. Kwa nje wote wawili wanaomba kitu kimoja: bendera, gwaride, watu wasimame. Kwa ndani mmoja anajivuta yeye mbele, mwingine anaitumia nafasi yake kuwavuta wengine. Wewe na mimi hatuna kifaa cha kupimia. Tulicho nacho ni kuuliza kwa adabu na kusoma mpaka ukurasa wa tatu.

Wala sisemi mzee wetu hana hata chembe ya kutaka kuonekana. Mwenyewe alikiri. Alisema, "Kidogo ipo, sheikh. Miaka arobaini na zaidi watoto wananiita kigulu. Ningependa siku moja wasikie kwamba ule mguu haukuliwa na sukari." Sasa huyo utamwambia nini? Anayeomba kusifiwa kwa asichofanya, huyo ni mwongo. Anayeomba kilichotokea kijulikane kilivyotokea, huyo anaomba haki. Hofu ya riya abaki nayo, aipiganie ndani ya moyo wake mpaka pumzi ya mwisho, kama sisi sote. Lakini sisi majirani tusitumie hofu yake kujisamehe deni letu.

*Bendera, tarumbeta na sharia*

Najua maswali yatakuja, kwa hiyo nijibu hapa kwa kifupi. Mtoto wake mkubwa alikuja juu sana. Kwake yeye mambo yote ya kijeshi ni ya kijahili, na baba yake azikwe kimya kimya. Dada yake akalia, akasema baba ana haki ya kuheshimiwa. Nyumba ikagawanyika kabla hata mtu hajafa. Tukakaa usiku mmoja baada ya tarawehe, mimi, mzee, mke wake na watoto.

Tulikubaliana hivi. Yaliyo ya Mwenyezi Mungu hayaguswi: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa, kuzikwa kwa kuelekea kibla, na kufanya haraka, kwa sababu Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kuharakisha maiti. Hakuna kumweka siku mbili kwa kusubiri ratiba ya gwaride. Askari wakibeba, wabebe. Kubeba jeneza ni thawabu, na bega la askari ni bega. Bendera ifunike jeneza njiani kama wengine wanavyofunika kanga au shuka yenye nakshi, iondolewe kabla ya kuteremshwa, apewe mama. Tarumbeta mzee mwenyewe aliifuta, akasema pahala pake isomwe Fatiha. Majina yasomwe baada ya kufukia, kabla ya dua, ili wote wanane waombewe pamoja. Na kimto cha kijani? Tukacheka. Kimto kibaki nyumbani, nishani apewe mjukuu.

Kijana akauliza, "Na jeshi lisipokuja je?" Swali zuri. Nikawasimulia habari ya Umar (r.a.). Alipochomwa kisu alimtuma mwanawe Abdullah kwa Bibi Aisha (r.a.) kuomba azikwe karibu na masahiba wake wawili. Akamuagiza asimtaje kwa cheo cha Amirul-Muuminina, kwa kuwa siku ile hakuwa tena amiri. Bibi Aisha akakubali, ingawa pahala pale alikuwa amejiwekea mwenyewe. Umar akafurahi sana. Lakini hakuishia hapo. Akausia: nikishakufa nibebeni mpaka mlangoni, ombeni ruhusa tena. Akikubali niingizeni. Akikataa, nipelekeni makaburi ya Waislamu.

Umeona adabu hiyo? Alitamani, aliomba, alipanga, kisha akaacha mlango wazi wa kunyimwa. Hakulifanya tamanio lake kuwa deni la mtu. Mzee wetu akachukua kalamu palepale akaandika chini ya ukurasa wa pili: "Wasipokuja, msiwasubiri. Nizikeni."

Yule kijana akainama akambusu baba yake mkono. Mimi nikajifanya naangalia saa.

*Mstari uliokatwa*

Nilisema neno "risasi" lilikuwa limekatwa. Nilidhani kalikata kwa sababu ya sharia. Nikamuuliza. Sura ikabadilika.

Akafungua sanduku la bati, chini ya sanda, akatoa tasbihi ya mbao, shanga zimesuguka. Akasema aliikuta kwenye mfuko wa askari wa upande wa pili, kijana kama yeye, siku chache kabla ya ule mguu kuondoka. Walikuwa wamefyatuliana risasi tangu alfajiri. "Sijui kama ilikuwa risasi yangu au ya mwenzangu. Nimejiuliza miaka yote hii. Sitaki zilie juu yangu tena, sheikh. Na kama ni ndugu yangu Muislamu, mimi nitamwambia nini Mola wangu?"

Wapendwa, hapo diploma haisaidii.

Kuna Hadithi inayotisha juu ya Waislamu wawili wanaokutana kwa panga zao. Anaijua, ndiyo iliyomtesa. Nikamkumbusha pia Suratul Hujuraat, aya ya 9 na ya 10. Allah anataja makundi mawili ya waumini yanayopigana, anaamrisha kusuluhisha kati yao, na kama moja linadhulumu lingine, lipigwe lile linalodhulumu mpaka lirudi. Wanazuoni wetu wamechukua hapo kwamba si kila aliyenyanyua silaha mbele ya Muislamu mwenzake amenyanyua kwa dhulma. Aliyevamiwa, ambaye ardhi yake imekaliwa na watu wake wameuawa, akasimama kuzuia, huyo si sawa na aliyekwenda kupora. Hapohapo aya haikuwavua imani wanaopigana. Imewaita waumini, na inayofuata ikawaita ndugu.

Kwa hiyo nikamwambia: mzee wangu, inawezekana ulikuwa na haki ya kupigana, na bado ukawa na haki ya kulia. Mambo mawili hayo hayagombani. Yule mwenye tasbihi naye pengine alitumwa, hakuchagua. Hesabu yake na yako iko kwa Mmoja, naye hadhulumu hata uzito wa chembe. Wewe muombee. Akaniuliza, "Inafaa?" Nikasema, aliyekuwa na tasbihi mfukoni tunamdhania heri, muombee.

Sasa ukurasa wa tatu una mistari minane. Wa nane hauna jina. Kaandika: "Na yule mwenye tasbihi."

*Mguu uliobaki njiani*

Aliniuliza jambo moja zaidi, akicheka kidogo ili nisione anauliza kweli. "Mguu wangu uko Uganda. Mimi nilishaanza kuzikwa 1979. Je, siku ya kufufuliwa tutapata kukutana?"

Nikamsomea maana ya mwanzo wa Suratul Qiyaama, pale Allah anapokanusha dhana ya mwanadamu kwamba mifupa yake haitakusanywa, na kusema kwamba anao uwezo wa kuzisawazisha hata ncha za vidole vyake. Ikiwa vidole, basi mguu mzima si kazi. Nikamtajia na Amr bin Al-Jamuh, sahaba aliyekuwa kiguru. Wanawe walimzuia asiende Uhud, wakamwambia Allah amempa udhuru, na kweli udhuru upo katika Qur'ani kwa kipofu, kiguru na mgonjwa. Akaenda kwa Mtume kulalamika, anatamani akanyage Pepo kwa kiguru chake hichohicho. Mtume akawaambia wanawe wamwache. Akauawa siku ile, akazikwa kaburi moja na rafiki yake Abdullah bin Amr, baba yake Jabir. Siku ile wengi walizikwa wawili wawili, na Mtume alikuwa akiuliza nani kati yao alihifadhi Qur'ani zaidi, ili atangulizwe kwenye mwanandani. Hakuuliza cheo.

Mzee akasema, "Basi nihifadhi hata Tabaaraka." Ameanza. Amefika nusu.

*Ukurasa uliokosekana*

Sasa nije kwangu na kalamu yangu nyekundu. Niliposoma daftari lote mara ya pili niliona kuna kitu hakimo. Nikamuuliza: "Mzee wangu, ukurasa wa mama uko wapi?"

Mama yule kaolewa na kijana wa mguu mmoja wakati ndugu zake wanamwambia ataishi kwa kubeba maji na kubeba mtu. Amebeba vyote. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka usiku kukanda kile kisigutu kinapouma wakati wa baridi. Yeye ndiye alikuwa akipanga foleni kwa ajili ya malipo yake, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, na kurudi na jibu la "njoo wiki ijayo". Kuna askari sita kwenye daftari, ofisa mmoja, mashahidi wanane, na yeye hayumo.

Leo ni Badri, basi sikiliza hii. Sayyidna Uthman (r.a.) hakwenda Badri. Alibaki Madina kumuuguza mkewe Bibi Ruqayya, binti wa Mtume, naye ndiye aliyemuagiza abaki. Akamwambia anayo thawabu ya aliyehudhuria Badri, na fungu lake vilevile. Maana yake nini? Anayemuuguza mtu ndani ya nyumba anaweza kuwa na fungu sawa na aliyesimama uwanjani. Kama ni hivyo, mama wa mzee wetu yuko vitani tangu aolewe, na hana nishani.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwita, "Mama fulani, njoo na hati ya nyumba." Ukurasa wa nne umeandikwa usiku ule: nyumba imejengwa kwa pesa ya nani na nani, yaani wao wawili, ili watoto wasije wakagawana jasho la mama yao kama mirathi ya baba, deni la dukani kiasi gani, nani anawadai na wanamdai nani. Na deni msilichezee. Kuna maiti Mtume alisita kumsalia kwa sababu ya dinari chache anazodaiwa, mpaka Abu Qatada alipozibeba. Bendera haifuniki deni.

*Sisi tuliobaki*

Nimalizie na sisi, maana ni rahisi kusoma habari ya mzee na kusema "maskini" halafu ukapita.

Akifa leo, najua tutajaa. Tutagombea kubeba. Tutasema alikuwa mtu wa watu. Lakini msikiti wetu una ngazi tatu mlangoni, na mtu huyu anazipanda kwa magongo mara tano kwa siku, na mpaka mwaka huu hakuna aliyefikiria kumwaga zege la mteremko. Nami nimo, mimi ndiye imamu. Tunasubiri awe maiti ndipo tumbebe. Akiwa hai, tunampisha njia tu.

Mtume (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi. Alipoambiwa, akauliza kama hilo si roho. Kama jeneza lisilo la kwetu linasimamiwa, basi aliye hai miongoni mwetu anasimamiwa zaidi. Kwa hiyo heshima ya mazishi ni kubwa, na mzee ana haki ya kuipanga. Ila heshima anayoweza kuihisi ni ile ya kabla.

*Kazi ya leo*

Moja: kabla ya daku, chukua karatasi. Andika unadaiwa na nani, unamdai nani, na nani umemkosea. Si lazima liwe daftari la kurasa 96. Karatasi moja inatosha kwa kuanzia. Mimi yangu nimeandika juzi, mke wangu anajua ilipo.

Mbili: taja jina la marehemu mmoja ambaye hakuna mwingine anayemuombea. Rafiki, mwalimu, fundi aliyekujengea. Mtaje usiku wa leo kwenye sijda.

Tatu: Jumamosi asubuhi tunamwaga mteremko wa mlango wa mashariki. Mchanga umeshapatikana. Tunahitaji mifuko ya saruji na mikono. Wenye nafasi tukutane baada ya Alfajiri.

Ewe Mola wetu, wasamehe waliotutangulia tuliowajua majina na tusiowajua. Wape utulivu waliofukiwa haraka pasipo kusaliwa. Waponye waliorudi na viungo pungufu na usingizi pungufu. Zitakase nia zetu, maana sisi wenyewe hatuzijui vizuri. Na utujaalie tufe hatudaiwi. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Kesho in shaa Allah tutazungumzia zakatul fitri, itakuwa fupi, naahidi.

Ndugu yenu, imamu wenu.